Mzungu Aliyepiga Goti

Miaka thelathini na mmoja nilipima mkonge,
robota kwa robota, kilo mia mbili na hamsini,
nikipaza sauti, karani akiandika.
Leo, kwenye meza hii ya Barabara ya Kumi na Tano,
nazima feni, nafunga dirisha,
nabana pumzi kama mwizi,
maana kilicholala kwenye kisahani
hakifiki hata gramu nne.

Aliileta Bi Mwanakheri, fundo katika pindo la kanga.
Akalifungua kwa meno.
"Bibi yangu akiiita Mzungu Aliyepiga Goti.
Mjukuu kapata mnunuzi Raskazone.
Niambie kwanza ni ya nani."

Nikatoa daftari, bado lile la kiwandani,
safu za wino mwekundu: namba, uzito, daraja.
"Daraja" nimeikata, juu yake nimeandika "asili".

Uzito: tatu nukta nne saba.
Nikapima tena,
kwa kuwa mizani iliyonilea
ilizoea kumpendelea bwana shamba.
Tatu nukta nne saba.
Nikaitundika kwa uzi ndani ya glasi ya maji,
na maji nayo yakasema dhahabu.

Juu ina tundu, ubavuni mwa kichwa cha mtakatifu.
Mkusanyaji angeguna: tundu hushusha bei.
Mimi tundu ndilo nililolisoma kwanza,
lilivyolika upande mmoja tu,
kama ukingo wa kisima uliokatwa na kamba.

Mbele: mzee amesimama, anakabidhi bendera,
mtawala wa Venisi amepiga goti kuipokea.
Nyuma: mtu ndani ya yai la nyota,
uso umefutika kabisa.
Upande huo ndio uliolalia vifua vya maarusi
wa Makorora, wa Chumbageni, wa mtaa huu,
walioiazima Ijumaa wakairudisha Jumatatu.
"Hatukujua ni nani," alisema. "Tulihesabu nyota."

Likabaki jina.
Kila mtawala aliandikiwa lake ukingoni,
na jina ndilo litoalo mwaka.
Kitabu changu cha picha kimeliwa na mchwa
katikati ya karne ya kumi na saba,
ila kilichosalia chatosha. Nikashika lenzi.
Usiku wa kwanza nikasoma I, I, V, O, I.
Usiku wa pili nikaigeuza, nikasoma I, O, V, I, I.
Usiku wa tatu nikamlaumu mchwa.

Ndipo nikaukumbuka ubao wangu wa chuoni,
nilivyochora lamu-alifu nzuri kuliko wenzangu wote
kabla sijajua yatamkwaje,
na maalimu akacheka, asinichape.

Hazikuwa herufi. Zilikuwa fito.
Mkono fulani, wa Surati labda,
au wa bandari ambayo kitabu hakiitaji,
uliweka dukati ya kweli mbele yake
ukanakili mzee, ukanakili bendera, goti, nyota,
ulipofika kwenye maneno
ukapanga miti, mti kando ya mti,
kama anayejenga ukuta wa udongo.
Na baada ya hayo yote
aliyeghushi jina
hakuiba uzani.

Nilimweleza Bi Mwanakheri polepole.
Wasemao si kila king'aacho ni dhahabu
hawakuiona hii:
dhahabu ni dhahabu, na bado si yenyewe.
Wa Raskazone ataiita bandia, atalipa kwa gramu.
Akanyamaza. Baiskeli mbili zikapita nje.
"Na yule aliyepiga goti, bado kapiga goti?"
Nikainamia lenzi.
"Bado."

Akaifunga tena, fundo juu ya fundo.
"Basi mjukuu atangoja. Jumamosi kuna arusi Mabawa."

Daftari likabaki wazi.
Niliandika Venisi, nikakata.
Niliandika Surati, nikakata.
Mwisho nikajaza, kwa mwandiko wa kiwandani:
*Fundi. Hajui kusoma. Kipimo sahihi.*
Kisha nikawasha feni.